Dakika Sita

Saa yangu haina dakika sitini.
Ina vipande kumi vya dakika sita sita,
na kila kipande kina jina la mteja
nisiyewahi kumpa mkono.

Asubuhi nafungua kompyuta kwenye meza ya kulia,
nasukuma kando sahani yenye makombo ya chapati,
nabonyeza kitone kiwe kijani:
Nipo.
Kampala wananiona sasa, kilomita mia mbili na ushei,
nami nauona ukuta wa Wanale
na maporomoko yake membamba
kama uzi uliofumuka kwenye pindo.

Joho langu linaning'inia nyuma ya mlango.
Tangu niapishwe nimelivaa mara nne.
Wanyenze hujificha humo tukicheza,
vidole vya miguu vinachungulia chini ya weusi,
namwita: Mheshimiwa, toka.

Wenzangu husema nina bahati.
Hakuna foleni ya barabara ya Jinja,
hakuna bosi wa kukohoa nyuma ya kiti.
Ni kweli.
Pia hakuna likizo, hakuna chai ya saa nne,
hakuna ajuaye kwamba Machi nilikaa siku kumi na tisa
kitone kikiwaka
kama taa ya duka lisilo na mnunuzi.

Mkataba wangu mwenyewe una kurasa tatu.
Kampuni haiahidi kazi. Wakili haahidi kukubali.
Niliusoma kama naulipwa,
nikaliona pengo katika kifungu cha saba,
nikatia sahihi.
Wananiita wakili huru.
Kuku wa shangazi Kakai naye ni huru,
jioni hurudi mwenyewe.

Jumanne ikaingia kazi:
pango la ardhi, miaka arobaini na tisa,
shamba la kahawa, kurasa themanini na mbili,
itakiwe kabla ya saa kumi na moja.
Vipande tele. Nikaigawa karo ya muhula
kabla hata sijafungua ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kumi na tisa, maelezo ya mipaka:
kutoka kisiki cha mvule, kufuata mfereji,
hadi kaburi lenye saruji ya buluu.
Wakaaji: hakuna.

Kaburi lile nalijua.
Rangi ile niliipaka mimi, nikiwa darasa la sita,
rangi iliyobakia kwenye milango ya kanisa,
na babu yumo ndani.
Na hao hakuna
wamepanda vitunguu, wana migomba,
wana jiko linalovuja upande wa mvua.

Kuna kisanduku ambacho siku zote hukipita mbio:
Je, una mgongano wa maslahi?
Nilikitazama.
Mvua ikaanza kupiga mabati.
Nikagusa Ndiyo.

Skrini ikanishukuru. Hati ikatoweka.
Sijanyanyuka kitini, mtu mwingine,
pengine Mbarara, pengine Arua,
naye ana karo, naye ana kitone,
alikwisha kuipokea.
Dakika kumi na mbili. Hazilipwi.
Nilichokisoma kimebaki nami, na kiapo juu yake
kama jiwe juu ya kifuniko cha chungu.

Jioni shangazi alileta malewa ya karanga,
akauliza kama aulizavyo kila mara
ninafanya nini na hicho kioo kutwa kucha.
Nasoma, shangazi.
Unasoma tu? Na wanakulipa?
Wakati mwingine.

Nikamuuliza, huku nikimtolea Wanyenze nyuzi za malewa menoni,
kama ana karatasi yoyote ya shamba.
Akacheka mpaka leso ikamteleza.
Karatasi yangu ni baba, amelala pale.

Twende kesho wilayani, nikasema,
tukaombe cheti cha ardhi ya kimila.
Kesho? Kuna nini kesho?
Hakuna, nikasema,
na neno lile likanikwama kooni na karanga zake.

Aliweka kijiko chini.
Akanitazama kipande kizima.